Shingo ya Nyangwine

Natta, 4 Februari 2024

Shikamoo mama,

Ng'ombe hawajambo? Goti limepata nafuu? Sisi tumefika salama, ila salama yenyewe nusu. Najua una hasira. Niliondoka ukiwa mnadani kwa sababu ungenizuia, na hii kazi ya kufua mashuka ya kambi ya watalii isingenisubiri. Nakuandikia barua kwa sababu simu yako inashikwa na kila mtu, ujumbe ukija Nkende nzima inasikia. Vedasto anayeleta mboga huku atakufikishia.

Shida ni Nyangwine. Chumba chetu ni mabati juu, mabati pembeni, na joto la huku silo la Tarime. Ametoka vipele vyekundu shingoni, mgongoni, mpaka kwenye mikunjo ya mapaja. Halali. Anajisugua kwenye mkeka huku analia, na mimi nalia naye. Huyu ndiye mtoto wangu wa kwanza, sijui nishike wapi. Wewe umelea mabinti mpaka wote wakaolewa. Niambie nifanye nini, mama, upesi.

Mwanao,
Robi


Nkende, 11 Februari 2024

Robi,

Marahaba. Goti liache. Ng'ombe hawajambo kuliko mimi.

Hivi wewe una akili kweli? Mimi mwanamke nimekuoa kwa mila yetu, nikampelekea baba yako ng'ombe, ili nyumba yangu isiyo na mtoto wa kiume ipate mrithi. Nikampa mtoto jina la marehemu mume wangu. Halafu narudi mnadani nakuta kitanda kitupu! Majirani wananiuliza mjukuu yuko wapi, nasema amelala. Amelala wiki nzima?

Hivyo vipele ni baridi imemwingia njiani. Nimempa Vedasto kopo la samli na lile blanketi zito. Mpake samli kuanzia utosini mpaka kwenye nyayo, asubuhi na jioni, kisha mfunike vizuri. Wote niliowalea wamekua hivyo. Na usimpitishe pitishe mbele ya watu usiowajua.

Shemeji Simioni, ndugu wa marehemu, anasema twende tukamchukue mtoto, kimila ni wa nyumba yetu. Sijamjibu. Lakini nikisikia amezidiwa, namtuma.

Mama yako,
Waisiko


Natta, 20 Februari 2024

Shikamoo mama,

Leo sikuulizi hali, unisamehe. Nina haraka na nina hasira.

Nilimpaka samli kama ulivyosema. Nikamfunika. Vipele vikaungana, shingo ikawa nyekundu kama nyama, vingine vikatoa usaha. Mwili ukachemka. Nilikimbia naye zahanati mguu mmoja una ndala, mwingine hauna. Nesi Eugenia alipomshika, mikono yake ikateleza kwa samli, akauliza, "Nani kamkaanga huyu mtoto?" Mama, niliona aibu mbele ya foleni nzima ya wanawake.

Anasema ni vipele vya joto. Jasho linakosa pa kutokea, na sisi tukaja tukaziba kabisa kwa mafuta. Kampa dawa ya ule usaha. Sasa namwogesha maji yasiyo moto, simsugui, namkausha kwa kumgusagusa na kitambaa laini, hasa kwenye mikunjo. Mafuta hapana, poda hapana. Kucha nimemkata. Akivaa, ni fulana moja ya pamba, mara nyingi havai kitu. Mchana analala karibu yangu kivulini, pale ninapofulia, kuna upepo. Jana amelala mpaka nikaenda kusikiliza kama anapumua.

Blanketi nimelikalia. Na Simioni asije huku. Mtoto simtoi.

Mama Nyangwine


Natta, 24 Machi 2024

Shikamoo mama,

Habari za huko? Mwezi mzima huandiki. Vedasto anasema salamu zangu unazipokea, unanyamaza. Hujambo kweli?

Jana Simioni amekuja na pikipiki. Nilivyomwona getini niliacha mashuka meupe yakaanguka kwenye vumbi, nikamkumbatia mtoto. Mlinzi akamuuliza anataka nini. Akasema anataka kumwona mtoto, basi. Akamwinua kidevu, akachungulia shingo. Akamgeuza, akatazama mgongo, akapitisha kidole. Akawasha pikipiki yake, akaondoka.

Nguo zetu nimezifunga kwenye mfuko, uko mlangoni, na sijui hata naenda wapi. Alikuja kutazama nini? Atarudi na nani? Kama nimekukosea, nigombeze mimi. Nyangwine anatambaa sasa, anacheka na kila mtu. Nakuomba usininyang'anye.

Mwanao,
Robi


Nkende, 30 Machi 2024

Robi mwanangu,

Marahaba. Fungua huo mfuko, utoe nguo.

Nilinyamaza kwa sababu barua yako iliniuma, sikufichi. Samli yangu ni nzuri, usimwache huyo nesi wako aisingizie. Huku asubuhi tunavaa sweta. Joto lenu ndilo baya. Lakini mura, kijana wangu, nilimkaanga nikiwa huku mbali, na hilo nimelala nalo peke yangu.

Wazee wa ukoo walikaa, wakasema mtoto arudi. Nikawaambia Simioni aende kwanza amkague. Ngozi ikiwa mbovu, amchukue siku hiyo hiyo, maana mama yake atakuwa hamwezi. Ikiwa safi, amwache alipo. Wakakubali. Na mimi, Robi, nilijua itakuwa mbovu. Nilishamtandikia kitanda. Nikanunua kisufuria kipya cha uji wake, nikakisugua mpaka kikang'aa.

Simioni akarudi, hata kofia hajavua, akaniambia, "Shemeji, shingo laini kabisa." Tangu nizaliwe sijawahi kuumizwa na habari njema namna ile.

Wazee nimewajibu kwamba mtoto yuko kwa mama yake, neno limekwisha. Endelea hivyo hivyo unavyomwogesha.

Kisufuria nimempa Vedasto akuletee. Huku hakina kazi.

Bibi yake,
Waisiko