Kunguni wa Mama Mkwe

Shoga, natamani ardhi ipasuke inimeze.

Unakumbuka nilivyokuapia kwamba mama mkwe ndiye katuletea kunguni? Nikamwanikia begi lake juani siku tatu, nguo zake zote nikazichemsha. Nikazichemsha, shoga!

Leo kaja fundi wa kupiga dawa. Kapanda darini, kashuka anacheka. "Dada, hawa ni kunguni wa popo. Popo wenyewe wamejazana huko juu, usawa wa kitanda chako."

Kitanda CHANGU!

Na mama mkwe yuko pale pale sebuleni, kabanwa na gauni langu, maana nguo zake zote zimechujuka kwa kuchemshwa.

Kaniangalia weee. Kisha kauliza kwa upole:

"Na hao popo, mwanangu, mabegi yao utayaanika lini?"