Sabuni ya Wodi ya Wachanga

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ni goti tu linalonikumbusha umri. Sikupigii simu kwa sababu kuta za hapa zina masikio.

Nasikia chuo kimekupeleka kwa mafunzo ya vitendo hospitali ileile, wodi ileile ya watoto wachanga. Unajua walivyonifanyia. Miaka sita iliyopita wachanga watatu walikufa kwa maambukizi, na Sista mkuu akanisimamisha mbele ya wafanyakazi wote akasema, "Mikono michafu ya mfagizi huyu ndiyo imewaua." Nikavua aproni palepale, wanatazama. Nimekusomesha hadi shahada ya pili ya kuzuia magonjwa hayohayo, na sitakuficha nilichokuwa nakiwaza. Nataka naye asimamishwe mbele za watu.

Mama yako

11 Machi

Mama,

Shikamoo. Goti likandwe kwa maji moto, usijifanye kijana.

Sista hanijui mimi ni nani. Kazi yangu ni kusimama pembeni na karatasi, kuhesabu nani ananawa mikono kabla ya kumgusa mtoto. Jana aligusa watoto kumi na mmoja, akanawa mara nne. Mara nne, Mama. Niliandika huku nacheka kimoyomoyo.

Wiki ijayo nachukua sampuli kwenye mikono yao, zipelekwe maabara. Tarehe 4 Aprili nasoma ripoti ukumbini, mbele ya hospitali nzima. Namtaka kama unavyomtaka wewe.

Binti yako

15 Machi

Mwanangu,

Natumaini unakula vizuri. Mimi nimekula nikashiba kwa barua yako tu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimeshalitoa gauni la bluu na kulipiga pasi. Siku hiyo nitakaa mstari wa mbele, anione vizuri.

Mama yako

29 Machi

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Mimi mzima wa mwili.

Majibu ya maabara yalinichanganya. Waliotoka kunawa ndio waliokutwa na vijidudu vingi kuliko wasionawa. Nikapima maji, ni safi. Nikapima sabuni. Vijidudu vimejaa kwenye chupa za sabuni, na ni vilevile vilivyowashika watoto wawili waliolazwa sasa hivi. Chupa nimeziondoa zote siku hiyohiyo, na watoto wanaendelea vizuri.

Mfagizi wa sasa huwa hasubiri chupa iishe. Ikifika nusu anaongeza maji na sabuni mpya juu ya ile ya zamani, na chupa haioshwi wala haikaushwi, mwaka hata mwaka. Nikamuuliza nani kamfundisha. Akasema, "Yule mama aliyekuwepo kabla yangu. Alikuwa hapendi tone lipotee."

Nyumbani ulikuwa unafanya hivyohivyo, nami nikiishika chupa.

Nikiiacha sabuni nisome mikono ya Sista peke yake, anafukuzwa kesho yake. Nimeliwaza hilo siku tatu, na nimelitamani. Lakini kesho chupa zitarudi zilezile. Nifanyeje, Mama?

Binti yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Hujanijibu, na siku yenyewe ni keshokutwa. Nitasoma yote, ya mikono na ya sabuni. Jina la mtu sitalitaja. Tafadhali usije.

Binti yako

6 Aprili

Nilikuja. Gauni lilikuwa limeshapigwa pasi.

Ulisoma vizuri, sauti haikutetemeka. Ulipotaja mara nne kwa watoto kumi na mmoja, Sista alijiinamia, na moyo wangu ukaburudika, siwezi kukudanganya. Kisha ukafika kwenye chupa. Ukasema ni mazoea ya miaka mingi. Jina hukutaja, lakini Sista aliinua kichwa akageuka, akaniona pale mbele nilipokaa. Miaka sita nimengoja kumwona akiinamisha kichwa mbele yangu, na aliyeinamisha mwishowe nilikuwa mimi.

Wale wachanga watatu nilikuwa nawalilia kama mtu aliyesingiziwa. Sasa sijui niwalilie kama nani.

Jumapili usije nyumbani. Sijakukasirikia kiasi unachodhani, ila uso wako siuwezi kwa sasa. Chupa ya sabuni ya jikoni nimeiosha, nikaianika juani siku nzima, kisha nikaitupa.

Aliyekuwa mfagizi wa wodi