Mvula ya Fizi mu Shamba la Dzaleka

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, tarehe 25 mwezi wa pili 1996

Kwa mupwa wangu Gabriella, mutoto wa marehemu dada yangu,

Jambo sana. Kwanza nakuuliza habari ya mwili: kichwa, tumbo, na yale macho yako yanayouma ukisoma sana. Sisi huku tuko bazima. Muke wangu Kabibi iko muzima, mbuzi iko muzima, na mi mwenyewe niko na nguvu za kijana, bantu banashangaa.

Barua yako ilifika kwa mukono wa Télesphore, fundi wa nguo, alipotoka kununua uzi mujini, Area 23. Asani, musomaji wa kanisa letu, aliisoma kanisani kisha ibada, mbele ya bantu bote, sawa kawaida yetu. Aliposema umefaulu muhula wa kwanza ku koleji ya kilimo, bamama balipiga vigelegele mpaka mutoto muchanga wa jirani yetu Nduwayo akaamuka akalia. Mi nikasimama, nikainamisha kichwa kidogo, kama shefu wa kijiji. Nikabaambia: «Akili ile haikutoka mbali.»

Sasa sikia. Ule muhula tulikulipia kwa maharage ya posho: kila nyumba kikombe, Barundi na Bazairwa bila ubaguzi, tukauza. Lakini mi nikafikiri: mpaka lini tutauza chakula cha batoto? Nikaomba kila nyumba kikombe kingine, kisiuzwe, kipandwe. Mzee Ndayiragije akauliza: «Mulenda, na kama haitaota?» Nikamujibu: «Mzee, mi kule kwetu Fizi nilipanda maharage juu ya jiwe, na jiwe likazaa.» Akatoa kikombe.

Basi tulisha kupanda, ku kilima nyuma ya kambi. Ni mwezi wa pili, sezoni B, sawa babu zetu: unapanda mwezi wa pili, unavuna mwezi wa sita, na kabla mwezi wa saba haujafika masomo yako yamelipwa. Kuna mama mumoja mwenyeji, Gertrude, iko na bustani bondeni kando ya kijito. Alisimama njiani akatuangalia tunapanda, akacheka mpaka akashika kiuno. Ni furaha, mutoto. Hajawahi kuona bantu banalima vile.

Soma, kula nsima, ule ugali wa huku, usiogope kitu. Masomo yako iko ndani ya udongo, na mi njo mulinzi wake.

Mujomba wako,
Mulenda


Koleji, upande wa Mitundu, tarehe 10 mwezi wa tatu 1996

Mpendwa mujomba, mama Kabibi, na bazazi wangu bote wa kikombe,

Nabasalimu kwa heshima, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni muzima, macho yamepoa. Wale waliokuwa wagonjwa kwa ajili ya hii mvula, wamepata nafuu? Mutoto wa Nduwayo anisamehe kwa usingizi wake.

Nimepewa jembe langu na kipande cha shamba la mazoezi. Wenzangu balipoona namna nashika jembe, baliomba nibaonyeshe. Hilo nimetoka nalo nyumbani. Nikila maharage hapa, nakumbuka nani alitoa kikombe cha bati na nani alitoa cha plastiki. Sitawaaibisha.

Mutoto wenu,
Gabi

Karatasi ndogo, ya mujomba peke yake:

Mujomba, hii usimupe Asani asome. Nilipoona kwamba umesha kupanda, chakula kilinishinda. Huku hakuna sezoni B. Mvula ya huku inakuja mara moja kwa mwaka, na inaondoka karibu na Pasaka. Maharage ya kilimani yatatoa maua na hayatapata maji ya kuyakomaza. Mama Gertrude hakucheka kwa furaha, mujomba wangu. Muende, mumuombe kipande cha dimba, ile bustani yake ya bondeni, maana udongo wa dimba unashika maji hata kiangazi. Nisipolipa kabla ya mwezi wa saba, nitarudishwa nyumbani. Usinikasirikie.


Dzaleka, tarehe 17 mwezi wa tatu 1996

Gabriella,

Jambo. Tuko bazima. Nawe natumaini uko muzima, maana mutu anayemufundisha mujomba wake kupanda maharage lazima iko na nguvu nyingi.

Mvula iondoke? Iende wapi? Jana imetunyeshea mpaka Asani akapoteza kiatu mu matope. Maharage yako yana majani kama sahani. Nilishalima wewe bado uko mugongoni mwa mama yako. Kule Fizi kiboko alitoka ziwani usiku, akaingia mu shamba langu. Nikamushika sikio nikamuonyesha mistari, na asubuhi nikakuta amelima robo, vizuri kuliko kaka yangu. Mwalimu wako hapo koleji alishashika kiboko sikio?

Na Gertrude nimupigie magoti ya nini? Bantu banipitie bondeni baseme Mulenda anaomba omba?

Ile karatasi yako ndogo nilifungia tumbaku. Ilivutika vizuri.

Ni mimi mujomba wako, na ningali mujomba wako,
Mulenda


Koleji, tarehe 24 mwezi wa tatu 1996

Bazazi wangu bote wa Dzaleka,

Nabasalimu mu jina la Bwana. Mimi ni muzima na nabaombea uzima. Safari hii hakuna karatasi ndogo. Naomba Asani aisome barua yote, kwa sauti, hata kwa wale wanaokaa karibu na mlango.

Wiki hii mwalimu ametufundisha habari ya inchi hii: kwamba mvula yake ni moja, ikiisha imeisha, na mulimaji wa huku haachi mbegu yake yote kilimani. Nusu anaishusha bondeni kando ya maji, anaipanda wakati mvula inaaga. Alipomaliza kusema nikacheka. Akaniuliza: «Wewe unacheka nini?» Nikamujibu: «Mwalimu, hii mimi niliisikia zamani. Mujomba wangu Mulenda alinifundisha nikiwa mudogo: mwenye akili haweki mbegu yote mahali pamoja.»

Nina hakika mujomba anakumbuka. Namujua: amebanyamazia ili aone nani mwenye akili atakuja kumuuliza. Mujomba, nakuomba mbele ya bantu bote, usibajaribu tena, muda umekwisha. Baambie ile siri yako ya bondeni, ubapeleke kwa mama Gertrude. Wewe peke yako njo unajua namna ya kuongea na bantu wageni.

Mutoto wenu mwenye shukrani,
Gabi


Koleji, tarehe 8 mwezi wa sita 1996

Mpendwa mujomba,

Salamu nyingi. Unaendeleaje? Mama Kabibi anaendeleaje? Nauliza na sina wa kunijibu. Tangu ile barua yangu ya karibu na Pasaka sijaona hata mustari wako. Kama nilikukosea, niambie nilipokosea. Kama uko mugonjwa, baniambie, nije.

Nilimuona binti mukubwa wa Nduwayo sokoni, akasema kilima chote kimekauka, majani imekuwa rangi ya kahawia. Nikamuuliza habari za bondeni, akasema yeye hashuki kule. Nikamuuliza habari zako, akasema ana haraka, akaondoka.

Mhasibu wa koleji ameniita. Aliongea nami vizuri, lakini neno ni lile lile: nilipe mwisho wa mwezi, ao nirudi nyumbani. Nimekunja nguo zangu, nimeziweka mu sanduku, nimebakisha ya kuvaa na ya kulalia. Mujomba, nikirudi sitarudi na hasira. Nitarudi na jembe. Lakini niandikie hata neno moja, nijue uko hai.

Mutoto wako,
Gabi


Dzaleka, tarehe 23 mwezi wa sita 1996

Kwa agronome, mutaalamu wa kilimo wa Dzaleka, mupwa wangu Gabi,

Jambo, na jambo tena. Toa nguo mu sanduku, uzitundike. Kisha ukae chini ndiyo uendelee kusoma.

Umekaa? Bahasha aliyobeba Télesphore ni ya mhasibu. Mupe mukono kwa mukono, umutazame machoni. Muhula wote umo.

Unauliza kwa nini nilinyamaza. Mutoto, mwanaume haandiki barua juu ya shamba linalokauka. Nilisema mudomo wangu utafunguka siku ile bahasha imejaa. Sasa imejaa, basi kaa vizuri.

Siku ya Matawi Asani alisoma barua yako. Alipofika pale pa siri ya Mulenda, kanisa lote likageuka kuniangalia, na matawi mu mikono. Sikujua nicheke ao nikimbie. Lakini mwanaume wa Fizi hakimbii sifa. Nikasimama, nikakohoa, nikasema: «Ni kweli. Nilikuwa nangojea mwenye akili aniulize.»

Mzee Ndayiragije akasema: «Basi mi nakuuliza. Ile nusu ya mbegu iko wapi?»

Gabi, jasho. Mbegu yote nilikuwa nimeimwaga kilimani. Nikaangalia paa ya kanisa kama mutu anayetafuta ndege. Njo Kabibi akasimama kule kwa bamama. «Iko chini ya kitanda,» akasema. «Mu chungu, ndani ya majivu.» Kumbe kila kikombe kilichoingia nyumbani kwangu, yeye alikuwa anachota kidogo, anachanganya na majivu wadudu basiingie. Eti mama yake alimufundisha: mbegu haiingii yote mu mukono wa mwanaume mwenye maneno. Nikabaambia bantu: «Munaona? Mi njo nilimupa kazi ya ulinzi.» Kabibi akaniangalia. Lile jicho nalibeba mpaka leo.

Kesho yake tukashuka kwa Gertrude. Aliponiona akaanza kucheka tena. Sikukasirika. Nikavua kofia. Asani akatafsiri, na Gertrude akasema: kwanza munilimie matuta yangu, kisha chukueni ile sehemu ya chini. Tukalima. Nilipomaliza tuta la kwanza aliacha kucheka, akaja kuangalia karibu. Akasema «zikomo», njo asante ya huku, na mi nikasema «zikomo», tukaelewana kama bantu ba tumbo moja.

Na kilimani? Mvula ilikatika vile mutu anavyozima taa. Maua yakaanguka. Asubuhi moja nikafungua mlango, nikakuta vikombe, vya bati na vya plastiki, vitupu, vimepangwa mpaka njiani. Mi nikasema bantu banakuja kuniheshimu. Kabibi akasema: «Heshima haiji na kikombe kitupu, Baba.» Tangu siku ile sikupita tena barabara ya sokoni. Nilikuwa nashuka bondeni giza bado, nanyweshea, napanda nyumbani jua limezama. Maji niliyobeba na hizi mabega, Gabi, ukiyakusanya, ziwa Tanganyika litaomba kuazima. Hii si uongo sana.

Lakini maharage! Maganda marefu kama vidole vya mupiga gita. Tuliuza mabichi kwanza, Area 23, kisha tukapita nyumba kwa nyumba Area 47, wakati vilima vyote ni vumbi na bantu wamechoka kula mboga kavu. Mama mumoja wa Area 47, mwenye geti kubwa, aliuliza: «Maharage mabichi mwezi huu, inatoka wapi?» Nikamuambia: «Inatoka kwa agronome wetu.» Jina langu sikulitaja. Kwa hiyo peke yake ujue namna nilivyochoka.

Yaliyobaki tukayakausha. Kisha bahasha yako kujaa, Kabibi akajaza vile vikombe, kimoja kimoja, tukavirudisha mlango kwa mlango. Yeye alibeba, mi nilikuwa nafuata nikieleza. Kwa mzee Ndayiragije nilijitayarisha kwa matusi. Alipokea kikombe, akachukua punje moja, akaitafuna vile vile kavu, na yale meno yake. Akasema: «Mulenda, jiwe limezaa.» Akanitolea kiti.

Nilikaa, Gabi. Nilikuwa na hadithi nzuri ya kumuambia, ya mamba. Haikutoka. Nilikaa tu, nikapumua.

Bantu bote banakusalimu. Mutoto wa Nduwayo anatembea. Mbuzi amezaa mapacha, nitakueleza namna nilivyomusaidia.

Mujomba wako, anayelala usingizi sasa,
Mulenda

Karatasi ndogo, yako peke yako:

Gabi. Ile mvula ya huku, inaanza mwezi gani kabisa? Jibu usiweke mu barua ya Asani. Uliweke ku karatasi ndogo. Tumbaku nimeacha.


Koleji, tarehe 30 mwezi wa sita 1996

Bazazi wangu wa kikombe,

Nabasalimu na machozi, lakini si mabaya. Mhasibu amepokea bahasha, akaigonga muhuri, akaniuliza ni kampuni gani inanisomesha. Nikamujibu ni kampuni ya vikombe. Akaandika vile vile.

Mama Kabibi, naomba unifundishe ile kazi ya majivu. Hapa bado hatujafika ku somo hilo. Mzee Ndayiragije, asante kwa kile kiti. Mama Gertrude, kama kuna wa kumufikishia: zikomo kwambiri, asante sana. Na mujomba Mulenda, wenzangu hapa koleji wote wamesikia habari ya kiboko. Wanauliza utakuja lini.

Nguo zimetundikwa.

Mutoto wenu,
Gabi

Karatasi ndogo:

Mwezi wa kumi na moja, mujomba. Lakini usiangalie kalenda, angalia mama Gertrude. Siku akianza kunoa jembe, na wewe noa lako. Na akicheka, muulize sababu.