Krismasi Imepanda Treni

Steinlia, 2 Oktoba 1966

Mke wangu Gunvor,

Mimi mumeo, mtu wa miaka sabini na tisa, niliyezika farasi watatu na makasisi wawili, na yule daktari aliyesema mapafu yangu hayatafika Krismasi ya mwaka wa thelathini na moja, yeye naye nikamzika, nakusalimu. Vita vimepita juu ya kichwa changu, na moto wa dohani pia, na bado nipo. Kwa hiyo usinililie. Mimi mzima, ng'ombe wazima, paka mzima. Hofu yangu ni kwako na hiyo nyonga yako iliyovunjika. Je, huko hospitali wanakulisha? Wanakuacha ulale?

Eldrid alinipigia simu kwa jirani yetu Borghild. Binti yako ana sauti ya mkuu wa wilaya. Anasema: "Baba, mwaka huu Krismasi ni kwangu Oslo. Mama hawezi kutoka hospitali akaingia kwenye nyumba baridi na chafu." Nikamwambia: "Baridi ipi? Nina kuni za kupasha moto kanisa zima!" Akasema: "Kuni si nyumba, Baba." Nikakata simu. Borghild akacheka mpaka akashika meza.

Sasa nisikilize. Krismasi itakuwa hapa Steinlia, kama ilivyokuwa tangu enzi za babu yangu, na watoto wote watakuja. Nitaiandaa mimi. Kwani ni kazi gani hiyo? Mapazia, biskuti, mishumaa. Ghala hili nililijenga kwa mikono hii miwili. Wewe niambie tu pa kuanzia.

Mumeo,
Baba Eldrid


Lillehammer, 9 Oktoba

Baba Eldrid, mume wangu,

Salamu zako zimefika na harufu ya tumbaku, nikaunusa ukurasa kabla ya kuusoma. Nyonga inaunga polepole. Wananilisha samaki wa kuchemsha mpaka naona nitaota magamba. Mama wa kitanda cha pili anakoroma kama wewe, basi usingizi ninaupata kwa mazoea.

"Ni kazi gani hiyo," unasema. Haya.

Anza na madirisha. Yale ya ndani, ya majira ya baridi, yako darini, nimeyafunga kwa magazeti. Yaoshe, uyapachike kabla baridi haijaanza kuuma. Katikati ya vioo viwili tandaza pamba. Juu ya pamba weka majani meupe yale yanayoota kwenye mawe kule mlimani, na juu yake matunda mekundu ya mti wa langoni. Pamba inakunywa unyevu, kioo hakigandi. Matunda ni ya macho. Unadhani kwa nini mwezi wa pili, dunia yote ikiwa nyeupe na watu wamenuna, wewe hukaa pale pale dirishani na kahawa yako? Umekaa hapo miaka yote bila kuuliza.

Kisha dari. Ndiyo, na dari huoshwa. Usipande meza, panda ngazi. Mifupa iliyovunjika katika nyumba hiyo inatosha.

Biskuti ni aina saba. Si sita. Borghild ana jicho.

Na kuanzia Jumapili ya mshumaa wa kwanza wa Majilio, anayevuka kizingiti chetu asitoke bila kuonja kitu. Hata akiwa msumbufu, hata akiwa na haraka. Akitoka mdomo mtupu ameibeba Krismasi na kwenda nayo. Unalijua hilo tangu utotoni, lakini wewe ukianza kujisifu husahau hata unachokijua.

Usijisifu dari ikiwa bado inadondoka.

Mkeo,
Mama Eldrid


Steinlia, 13 Novemba

Mama Eldrid wangu,

Nakusalimu kwa mkono wenye harufu ya sabuni. Nimeosha mpaka kucha zimekuwa nyeupe kama za mwalimu. Wewe unaendeleaje? Unatembea? Nasikia unatembea na fimbo mbili. Farasi ana miguu minne na hakuna anayemcheka.

Madirisha tayari. Nilipanda mlimani mwenyewe kuchuma yale majani meupe, theluji ikanikuta njiani, nikairudisha ilikotoka kwa matusi. Matunda niliyapanga tunda moja moja. Dirisha la kwanza lilikuwa kama kuku amekanyaga humo. Nikalitoa, nikaanza upya. La pili nikalitoa pia. Mke wangu, nimejenga ghala, nimechimba kisima, nimevuta magogo ya watu wa mashamba yote haya, na hakuna kazi iliyonitoa jasho kama kuweka tunda jekundu mahali panapolifaa. Wewe ulikuwa ukifanya hivyo huku unaimba, na supu iko motoni, na mtoto amekushika sketi.

Nguruwe tumechinja. Soseji nimetengeneza. Dari nimeiosha, na kumbe ina rangi ya buluu! Nani alipaka buluu? Nimelala chini ya buluu hiyo miaka yote hii nikidhani ni kijivu.

Biskuti za kwanza niliwapa kuku. Kuku walizitazama, wakaondoka. Borghild alikuja akashika moja, akaigonga mezani, akasema: "Embrik, hizi ni za kula au za kuezekea?" Nikamwambia, jirani, rudi kwako ukalishe wako. Akabaki. Akanionyesha jinsi ya kushika chuma cha kuokea ili unga usiungue pembeni. Sasa zinatoka nyembamba kama karatasi, zina maua yaliyochorwa kwenye chuma. Nimefika aina ya nne. Bondeni humu hakuna mwanamume aliyefika aina ya nne, na kama yupo ajitokeze.

Jana jioni niliwasha jiko, nikawasha mshumaa mmoja, nikakaa. Matunda yaliwaka dirishani kama makaa. Paka alikuja akakaa kwenye kiti chako, nikamwondoa. Nilidhani nyumba hupata joto kwa kuni. Kuni zangu ni bora, hilo sibishani. Lakini nimekaa pale nikaona kazi ya mikono yako kila pembe, nikavua kofia.

Mumeo,
Baba Eldrid


Lillehammer, 29 Novemba

Mume wangu,

Salamu za mshumaa wa kwanza. Hapa wamewasha mmoja kwa wodi nzima, tukautazama kama kuku wanaosubiri punje. Nina nguvu. Jana nilipanda ngazi tatu, nikashuka tatu.

Barua yako niliwasomea wenzangu, ile sehemu ya kuku. Mama wa kitanda cha pili alicheka mpaka muuguzi akaja.

Sasa jambo lenyewe. Daktari ameniruhusu kutoka tarehe ishirini na tatu. Swali ni kwenda wapi. Nimezungumza na Eldrid, tukakubaliana hivi: atakuja Steinlia Jumapili ya mshumaa wa pili, ataangalia. Akiona nyumba inafaa mgonjwa na inafaa sikukuu, nakuja nyumbani, nao wote wanakuja. Akiona haifai, mimi na wewe tunakwenda Oslo. Nimempa neno langu, sitalivunja, naye hasemi uongo hata wa kumfurahisha mtu.

Ghorofa yake ni nzuri, Mungu ambariki. Lakini ni ya nne, na choo cha watu wa juu unakisikia mezani. Embrik, nataka kulala chini ya dari yangu ya buluu. Niliipaka mimi, mwaka ule tulipooana, wewe ukiwa msituni. Nilisubiri useme kitu.

Mpokee mwanao vizuri.

Mkeo,
Mama Eldrid


Lillehammer, 5 Desemba

Baba Eldrid,

U mzima? Jibu hilo kwanza, maana nimesikia mambo.

Eldrid alishuka hapa jana jioni akielekea kwake, treni ikiwa imechelewa, akaja kuniona akisubiri nyingine. Ana unga kidevuni. Macho mekundu, na anacheka. Akafungua kitambaa, akanipa nusu biskuti, imeungua upande mmoja. "Kula kwanza, Mama." Nikala. Nikamwuliza: nyumba je? Nakuja au siji? Akasema: "Hilo mwulize Baba. Ameistahili kazi ya kukuambia."

Nikamwuliza kwa nini treni imechelewa. Akacheka tena, akakimbilia treni yake.

Sijalala vizuri. Niandikie, na uandike yaliyotokea, si yale ambayo ungependa yawe yametokea.

Mkeo,
Mama Eldrid


Steinlia, 7 Desemba

Gunvor wangu,

Mimi mzima, ila mafua kidogo, na mafua hayajawahi kumshinda mtu wa ukoo wetu. Salamu kwako, kwa mama anayekoroma, na kwa nyonga.

Unataka yaliyotokea. Haya, yanakuja moja kwa moja.

Tangu mshumaa wa kwanza nimelisha kila aliyevuka kizingiti. Tarishi amekula. Mzibua dohani alikula mpaka nikaogopa dohani itamkataa. Yule muuza Biblia, ambaye simpendi, alikula aina zote saba na kuomba kahawa ya pili. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba mila siijui.

Jumapili Eldrid akafika na treni ya mchana, amevaa viatu vya mjini. Meza ilikuwa tayari: kitambaa chako cheupe, sahani saba, kahawa motoni. Sakafuni nilikuwa nimetawanya matawi ya mreteni, nyumba nzima inanukia msitu. Kitanda chetu nimekisogeza karibu na jiko, chini ya ile ile buluu, na lile blanketi lako la manyoya ya bata. Nje, mganda wa shayiri juu ya mlingoti, na ndege washaanza kugombana.

Akasimama mlangoni. Akavua glavu. Hakusema neno.

Basi nikasema mimi. Nilimwonyesha kitanda. Nilimwinua kidevu aitazame dari. Nilimpeleka dirishani, akagusa kioo kwa kidole kimoja. Nikaona, huyu hajaridhika. Nikamwonyesha kuni. Kuni zinahitaji kuelezwa, ipi ya msonobari, ipi ya kuwashia, ipi ya usiku wa Krismasi. Nilikuwa nimefika katikati ya rundo la tatu akatazama saa. "Baba, treni!" Nikamsindikiza hadi langoni, bado namweleza. Akaenda.

Nikarudi ndani. Sahani saba, hakuna hata chembe iliyoguswa. Kikombe chake kimejaa, kimepoa.

Sikulaumu mtu. Saa alitazama yeye.

Borghild akaingia kuazima hamira. Kabla hajafunga mlango nilikuwa nimemtia biskuti mkononi. Akatazama meza. "Embrik, mwanao amekula nini?"

"Alikuwa na haraka."

"Amekula nini?"

"Jirani, mimi si mshirikina."

"Basi ameibeba," akasema, akaketi kama mtu aliyefiwa.

Mimi si mshirikina. Lakini nilitazama kile chumba, Gunvor, na kilikuwa kama shati lililoanikwa, zuri, mtu hayumo. Nikamwona mwanetu anakuja kwako na mdomo mtupu, anakuambia twende Oslo. Nikanyakua mkebe wa biskuti, nikatoa kile kiti chako cha kuteleza, chenye vyuma vya kupita juu ya theluji, nikakanyaga nyuma yake, nikasukuma kwa mguu mmoja. Mteremko wote. Watu wa miaka ishirini hawashuki vile. Kwenye kona ya kanisa nilipita hewani. Filimbi ya treni ikalia nikiwa darajani.

Nilifika magurudumu yanaanza kujinyoosha. Kondakta alikuwa Arnfinn, mtoto wa mhunzi. Akaning'inia mlangoni.

"Mzee wangu, unasafiri?"

"Sisafiri!"

"Basi toka kwenye reli!"

"Arnfinn! Krismasi yangu imo kwenye behewa la pili, na imetoka na mdomo mtupu!"

Akanitazama. Akautazama mkebe. Mtu wa bonde hili hahitaji kuelezwa mara mbili. Akapunga bendera, treni ikasimama na kupiga kelele kama nguruwe wa Novemba. "Harakisha, mzee," akasema. "Na mimi nina mke."

Nikapanda. Eldrid alikuwa dirishani, amefunika uso kwa kitambaa.

"Baba! Umetoka na ndara za ndani!"

"Kula, mwanangu."

"Huna hata kofia!"

"Kula kwanza. Saba."

"Saba? Baba, treni nzima inasubiri!"

Bibi mmoja mbele yake alikuwa anafuma soksi ya buluu. Akasema bila kuinua macho: "Kula, mama. Sisi sote tuna Krismasi zetu, tunajua." Behewa zima likaitikia. Akala. Ya kwanza, ya pili, machozi yanashuka na unga unapanda. Nikamwuliza ni mbaya kiasi hicho?

Akasema: "Nilikaa kimya kwa sababu ningefungua mdomo ningelia. Nilijiandaa kuikuta nyumba imekufa. Nikaingia, nikamkuta Mama kwenye madirisha."

Ya saba ilikuwa imeungua. Akaivunja katikati, nusu akala, nusu akaifunga kwenye kitambaa. Halafu akanishika sikio, kama unavyonishika wewe, akasema kwa sauti ya mkuu wa wilaya, ili behewa zima lisikie: "Mwambie Mama aje nyumbani. Ndugu zangu nitawaita mimi, na wanangu nitawaleta. Na usinifukuzie treni tena katika umri huo."

Ndiyo neno lenyewe. Unakuja nyumbani.

Tarehe ishirini na tatu nitakuwa stesheni na kiti cha kuteleza, ngozi ya kondoo imetandikwa, jiwe la moto la kuwekea miguu. Nitakusukuma mwenyewe, polepole, kona ya kanisa tutaipita chini kama Wakristo. Utaingia, utakula kitu kabla hujavua koti, kisha utalala chini ya buluu yako. Ni nzuri, Gunvor. Ulisubiri niseme kitu. Sijaona buluu nzuri kama hiyo, wala mwanamke mzuri kama aliyeipaka.

Na kama huniamini, maana nakujua, mashahidi wapo. Borghild alinitazama nikishuka. Arnfinn yupo, na mkuu wa stesheni Syver, aliyeandika kwamba treni imechelewa kwa sababu ya theluji, na siku ile hapakudondoka hata chembe. Yule bibi wa soksi ya buluu simjui jina, lakini yupo. Eldrid yupo, mwenye nusu ya ile ya saba tumboni.

Na wewe upo, uliyekula nusu ya pili.

Mumeo,
Baba Eldrid