Asubuhi Tunayoitaka Hapa Bahi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na lile goti lako liwe limepata nafuu baada ya baridi ya Newala kupungua. Mimi huku Bahi sijambo, ila midomo imepasuka kwa upepo na vumbi. Mlenda, mboga yao ya kuteleza, nimeuzoea sasa. Siku nisipoupata nauulizia.

Mwezi uliopita kwenye simu uliposema, "Mwanangu, rudi, kujitolea hakuna mwisho," nilinyamaza, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika, Mama. Nilikuwa nimeshaamua kurudi na niliona aibu kukwambia. Sasa nimebadili nia, na sababu yake haitoshi kwenye simu.

Unajua kikundi chetu kinawatafuta wazee wenye vikope, ule ugonjwa wa kope kugeukia ndani zikalichoma jicho mpaka mtu anapofuka. Daktari huja zahanati kuwafanyia upasuaji mdogo. Kazi yetu sisi ni kupita nyumba kwa nyumba kuwashawishi waje. Tulianza watu tisa. Ukazuka uvumi kwamba tunawang'oa wazee macho tukayauze mjini. Nyumba moja walitufungulia mbwa. Wenzetu wakaanza kuacha, mmoja baada ya mwingine, tukabaki wanne.

Nikawaita hao watatu tukae kwenye benchi la zahanati. Nilikuwa nimeandika hotuba siku mbili nzima. Hata ukurasa wa kwanza sijaumaliza, Mzee Chiwanga, fundi baiskeli, akanikatiza.

"Dada, hayo ya karatasi weka pembeni. Tumechoka."

Machozi yalinilengalenga. Nikafunga daftari, nikauliza tu, "Kijiji hiki kikiwa vile mnavyotaka nyie, asubuhi yake itakuwaje?"

Mama Malogo, ambaye yeye mwenyewe alifanyiwa upasuaji mwaka jana, akasema taratibu, "Bibi anatoka nje jua likiwaka, hajajifunika kitenge usoni kuukwepa mwanga."

"Kila mlango una dumu la maji," akadakia Mzee Chiwanga, "na watoto wananawa uso bila kufokewa, ugonjwa usiwaanze."

Asha, muuza chai wa stendi, alikuwa wa mwisho. "Mimi naona kikundi chetu kimekufa. Kimekosa kazi. Hakuna mgonjwa hata mmoja."

Mama, tulicheka! Ndipo Mzee Chiwanga akainuka na kujikung'uta vumbi. "Basi kesho twende kwa Bibi Ndalu."

Bibi Ndalu alikuwa ametufukuza mara mbili. Tulimkuta ameketi chumbani gizani, kibano mkononi, anajing'oa kope kwa kupapasa. Mimi nikafungua mdomo nimweleze, Mama Malogo akanishika mkono ninyamaze. Akapiga magoti mbele ya bibi, akamwamkia kwa Kigogo na kuusogeza uso wake.

"Mbukwa, bibi. Wanasema macho yangu yameuzwa. Hebu shika."

Bibi akapapasa lile la kulia. Akahamia la kushoto, akarudi tena la kulia.

"Wamekuachia yote mawili?"

"Yote mawili."

"Na hayachomi?"

"Hayachomi, bibi. Nimesahau hata kuchomwa kulikuwaje."

Bibi akakitupa kile kibano sakafuni. Mzee Chiwanga akampakia nyuma ya baiskeli na kuikokota mpaka zahanati, sisi wanawake tukimshikilia huku na huku; daktari akamfanyia upasuaji siku hiyohiyo.

Kesho yake daktari alipomfungua bandeji nilikuwa nimemshika mkono. Daktari alishatwambia wazi kwamba uoni uliopotea hautarudi wote. Bibi akafumbua macho, akakaza kutazama mlango uliokuwa wazi na jua lote lile.

"Jua halichomi," akasema. Kisha akanigeukia, akanikazia macho karibu kabisa. "Ndiyo wewe mtoto wa Kimakonde? Kwa sauti ile nilidhani mnene!"

Wiki iliyofuata wazee sita walikuja wenyewe, na wenzetu wawili walioacha wamerudi.

Ndiyo maana nakuomba, Mama, uniruhusu nibaki mpaka msimu wa mvua uishe. Najua shamba linakulemea na nyumba ina upweke. Nakukumbuka kila siku, na kuna jioni nakukumbuka mpaka chakula hakipiti. Lakini nikiondoka sasa nitakuwa nimewaacha watu walioniamini. Ukisema hapana nitarudi, na sitanuna.

Msalimie kaka Hamisi, mkubwa wetu. Mwambie asikuache upande mikorosho na goti hilo. Msalimie Shangazi Somoe aliyenilea, na wifi yangu mjamzito, Mungu amfungue salama. Busu kwa mapacha wa dada.

Nakungoja uniambie neno lako.

Ni mimi mwanao, mwembamba vilevile,
Salima