Tundu kwenye Kiti cha Nyuma

Jumapili

Lakini nani huweka chetezo chenye makaa juu ya kiti cha ngozi?

Shangazi Zuhura, nani mwengine. Leo gari langu kuukuu la Kiingereza lilimbeba bibi harusi wa jirani, na kabla hajapanda, shangazi akataka kulifukiza udi. Kaa likaanguka. Ngozi ile niliyoipaka mafuta miaka yote isipasuke kwa hewa ya chumvi, sasa ina tundu.

"Niwie radhi, mwanangu. Nilitaka linukie," akasema. Nikainama kuzoa majivu, maana ningefungua mdomo ningemvunjia heshima.

Mnunuzi wa Nairobi alikuwa aje kesho kulichukua gari. Nikampigia simu nikamweleza ukweli. Akasema atangoja mpaka kiti kishonwe upya. Nilipokata simu nikajikuta nimekaa nyuma ya usukani, nacheka peke yangu.

Gari hili linanitesa. Vipuri vyake havipatikani, na mke wangu ana haki ya kutaka liondoke uani. Ila nikifikiria ua ule mtupu...

Kesho nalipeleka kwa fundi wa viti. Nitamwambia asifanye haraka.