Mtoto Aliyetekwa na Mtani

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba uniwie radhi tangu mwanzo kwa urefu wa barua hii, kwani nimezoea jukwaa kuliko kalamu na jambo lenyewe limekataa kufupishwa. Mimi ni mzaliwa wa Msimbati, mkoani Mtwara, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sosholojia katika chuo kikuu huko Dar es Salaam, na bila kujisifu niseme kwamba tangu niingie pale hakuna mgomo uliofanyika ambao sikuwa miongoni mwa waliosimama mbele, wala hakuna mdahalo wa wanawake ambao sikuinuka nikauliza: hadi lini mila itakuwa hakimu na mwanamke awe mshtakiwa wa kudumu? Sasa nimerudi nyumbani likizo ndefu, na swali hilohilo limenigeukia mimi mwenyewe.

Niliolewa bomani na Erasto, Mnyakyusa wa Tukuyu aliyeletwa Mtwara na kazi ya bandarini, tukajaliwa binti mmoja, Tatu. Ndoa ikatushinda, hakuna aliyempiga mwenzake wala kumtukana, tulichoka tu kama watu wanaokwenda njia moja kwa mwendo tofauti, na mahakama ikavunja ndoa Tatu akiwa na miaka minne. Mtoto atakaa na nani hatukuuliza wala hatukuulizwa, kwa sababu haikumpitia mtu yeyote akilini kwamba mtoto wa umri ule angelala pengine zaidi ya ubavuni mwa mama yake, na nilipopata nafasi ya chuo nikamwacha kwa mama yangu, Bi. Somoe, hapa Msimbati, ambako amenawiri, anajua kutafuta pweza miambani maji yakitoka, na akicheka majirani wanacheka kabla ya kujua kinachochekesha.

Mwezi uliopita Tatu alitimiza miaka saba, na Erasto, ambaye ameoa tena na anaishi Shangani, Mtwara mjini, akaja kwa heshima zote, kofia mkononi, akaomba mtoto ahamie kwake Januari asome mjini. Mshauri, sikumjibu, nilimhutubia. Nilimwambia kwamba hii ndiyo sura halisi ya mfumo dume, unaomwachia mwanamke mimba, uchungu na nepi, kisha unafika mtoto akishajua kujifunga viatu na kudai mavuno ya shamba usilolipalilia. Akanisikiliza hadi mwisho, akavaa kofia yake, akasema, "Nimekuelewa, Mama Tatu, lakini mimi nimeomba, sijanyang'anya."

Hapo akaingia kaka yangu Amiri, ambaye kwa mila yetu sisi Wamakonde ndiye mjomba, na mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake kuliko hata aliyemzaa, akapiga marufuku jambo hilo lisisemwe tena ndani ya uwanja wetu. "Mtoto akishaingia Shangani tumempoteza," alisema. "Atarudi hapa anabisha hodi kwa bibi yake kama karani wa sensa." Nami, ambaye nimezishambulia mila kwenye kila jukwaa lililonikubali, nikajikuta nimesimama nyuma ya mjomba huyo na kupiga makofi, kwa kuwa safari hii mila ilikuwa upande wangu. Je, huo ni unafiki, Mshauri, au ni mbinu halali ya mapambano? Naomba ulijibu hilo pia, kwa sababu usingizi wangu umepungua.

Tukaitisha kikao cha pande mbili. Erasto akaja na baba yake mdogo, Mzee Josephu, naye akakaa mkekani kwa shida, magoti yakilia. Nikapewa nafasi ya kwanza, nikaeleza kwa kina kwamba kuhesabu ukoo kwa upande wa mama ni ngome kongwe ya uhuru wa mwanamke, iliyokuwapo kabla ya wakoloni na itakayokuwapo baada ya vibaraka wao. Mzee Josephu akatikisa kichwa kwa furaha.

"Binti, umesema vizuri, hata ubunge ningekupa," alisema. "Lakini kwetu Tukuyu mtoto ni wa baba, na huko nako tunaita mila."

"Mila ya Tukuyu iko Tukuyu, mzee wangu," Amiri akamjibu. "Hapa umekalia mkeka wa Msimbati."

"Na damu ya mtoto nayo inasoma ramani?"

Wakaendelea hivyo, kila mmoja akiwataja mababu zake waliokwisha kufa, mpaka akatokea jirani yetu Olinda, Mmakua ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma wakati wa vita, na ambaye kwetu ni mtani, kwa hiyo ana ruhusa ya kutusema vyovyote, hata msibani. Wewe unajua desturi ya watani kuteka kitu katikati ya shughuli na kukataa kukirudisha mpaka kikombolewe. Wengine huteka sufuria, wengine jogoo. Olinda alimteka Tatu. Alimkamata mkono, akamkalisha mapajani na kumfunika kwa kanga yake.

"Huyu sasa wangu!" alisema. "Mnakaa hapa mnagawana mtoto kama mnagawana papa, huyu kichwa, huyu mkia. Anayemtaka anikomboe. Na sitaki kuku wenu, wamekonda kama nyinyi. Nataka neno moja tu: kila mtu aniambie jambo la mtoto huyu ambalo mimi jirani silijui."

Amiri akasema mtoto ana pua ya ukoo wetu. "Pua naiona," Olinda akasema, "na tumshukuru Mungu hakupata yako." Mzee Josephu akasema mtoto ana ukimya wa Kinyakyusa, na papo hapo Tatu akaangua kicheko ndani ya kanga, kikao kizima kikamfuata. Mimi nikasema nilimzaa kwa uchungu wa siku mbili. Olinda akanitazama kwa huruma ambayo sijaisahau. "Mwanangu, hayo ya zamani, na hongera. Mimi nauliza ya wiki hii." Nikatafuta, Mshauri, nikatafuta kama mtu anayepapasa funguo gizani, nami nilikuwa nimefika kutoka chuo siku chache tu, sikuwa na la wiki hii. Mama yangu akasema mtoto halali mpaka akunwe mgongo. Kisha Erasto akasema taratibu, "Haoni mbali. Alipokuja kwangu kunitembelea nilimwonyesha meli imeingia bandarini, akaniuliza iko wapi. Nimempeleka hospitalini, anahitaji miwani, na daktari anataka amwone mara kwa mara."

Mama yangu akajipiga paja. "Ndiyo maana akichambua mchele anauleta puani!"

"Mimi nilimwambia mwalimu," Tatu akasema kutoka ndani ya kanga. "Akasema nihamie dawati la mbele. Dawati la mbele anakaa Zuberi, anapiga chafya."

Kikao kikavunjika kwa vicheko, tukala wali kwa pweza, wazee wakaagana kwa kushikana mikono, na hakuna kilichoamuliwa. Amiri anataka nitamke mbele ya ukoo kwamba mtoto hatoki. Erasto amesema bila kupandisha sauti kwamba tusipoafikiana kabla sijarudi chuo atakwenda mahakamani, si kwa kunikomoa bali kwa ajili ya macho ya mtoto. Nami nauliza: sheria inasema mtoto ni wa nani? Ni kweli kwamba akitimiza miaka saba haki ya mama inakwisha? Na nikimruhusu aende, nitakuwa nimemtoa moja kwa moja? Kwa maana hofu yangu, ukiondoa nadharia zote, ni hii moja: kwamba ipo siku mwanangu ataugua, ataita "mama", na atakayeitika ni mwanamke mwingine, huyo mke wa Erasto ambaye simjui wala sijapata kuona haja ya kumjua.

Ni mimi,
Mama Tatu, Msimbati, Agosti 2004

MSHAURI ANAJIBU

Mama Tatu, pole kwa usingizi uliopungua, na hongera kwa kuwa na mtani mwenye akili. Kikao chenu kilikuwa na wasemaji wengi na muuliza swali mmoja tu, naye hamkumwalika.

Nianze na unafiki, maana umeniomba. Ndiyo, ni unafiki, lakini wa kawaida, ule unaotushika sote kitu tunachokipenda kinapotaka kutoka mlangoni. Mila ulizozikemea ukumbini hazikugeuka tamu kwa sababu zimekupendelea. Kama ni makosa kwa Mzee Josephu kusema mtoto ni mali ya ukoo wa baba, si sahihi kwa Amiri kusema ni mali ya ukoo wa mama. Wote wawili wamekosea neno moja, nalo ni "mali".

Sasa sheria, na isikilize yote bila kunyoosha mkono. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haisemi mtoto ni wa baba, haisemi ni wa mama, na haimtaji mjomba. Inamwambia hakimu atangulize maslahi ya mtoto mwenyewe. Baada ya hapo atazame matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto ikiwa amefikia umri wa kuwa na maoni yake, na desturi za jamii yenu. Desturi zenu ni mbili na zinavutana, kwa hiyo sidhani zitamsaidia sana hakimu. Huo umri wa miaka saba unaokutisha maana yake ni kwamba chini ya hapo sheria inaanza kwa kudhani mtoto atafaidika zaidi akiwa na mama, na hata dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Akivuka saba hakuna tarumbeta inayopigwa, hakuna haki yako inayozikwa, na baba hapewi mtoto kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Mnaanza tu kupimwa wote wawili bila mmoja kutangulizwa.

Na mkipimwa leo, mwanangu, utapimwaje? Utamwambia hakimu mtoto akae na wewe, naye atakuuliza: wapi, bwenini? Wewe huombi mtoto akae nawe, unaomba akae na bibi. Bibi ni hazina, sikatai, lakini bibi hakuona kwamba mtoto haoni. Baba aliona, na akampeleka kwa daktari. Huyo ndiye uliyemhutubia habari za shamba asilolipalilia! Nakuheshimu kwa kuwa uliniandikia jambo hilo bila kulificha. Mwenye nia mbaya angeliacha.

Lakini Erasto naye asinisome akavimba kichwa. Kumlea mtoto hakumfanyi baba kuwa mmiliki. Mama ambaye mtoto hayuko kwake anabaki mama: ana haki ya kumwona, kukaa naye likizo, kujua maendeleo yake ya shule na afya yake. Na baba naye wajibu wake wa kumtunza mtoto haukomi hata siku mtoto akirudi Msimbati. Amri ya malezi haijachongwa kwenye jiwe; hali ikibadilika, mahakama inaweza kuibadilisha. Utakapomaliza chuo na kupata kazi na nyumba, mlango uko wazi. Kumruhusu aende si kumtoa moja kwa moja.

Kwa hiyo fanya hivi. Usitamke kiapo chochote mbele ya ukoo. Mwambie kaka yako, kwa adabu, kwamba mjomba ataendelea kuwa mjomba hata mtoto akiwa Shangani, na mtihani wake ni kwenda kumtembelea, kwani umbali ule haujamshinda samaki kufika sokoni. Wewe na Erasto nendeni pamoja kwa afisa ustawi wa jamii, mkae naye, mkubaliane: shule na hospitali mjini kwa baba, likizo kwa bibi na kwako, safari zake nani anamsindikiza, na kwamba hakuna anayembadilishia mtoto shule wala dini bila mwenzake kujua. Makubaliano hayo muyapeleke mahakamani yapate nguvu ya amri, ili siku mkikasirikiana msirudi kwenye mkeka wa mababu.

Halafu Shangani. Kabla ya Januari, vaa vizuri, chukua samaki wa kukaanga, nenda kabishe hodi kwa mwanamke usiyemjua. Yeye ndiye atakayemwamsha mwanao asubuhi na kumtafutia miwani iliyoangukia uvunguni, na katika kikao chenu chote hakuna aliyetaka kusikia kama yuko tayari. Muulize jina lake. Mwonyeshe mgongo unakunwaje. Mtoto akiugua akaita "mama" na wakaitika wawili, hujaibiwa kitu. Anayepaswa kulia ni yule anayeita asiitikiwe.

Limebaki jambo ambalo hakuna mmoja wenu aliyelifanya, si mwanaharakati, si mjomba, si baba, si mzee wa Tukuyu. Tatu ana miaka saba, na katika barua yako amesema maneno yenye maana kuliko ya wajumbe wote. Kesho mchukue mtembee ufukweni, nyinyi wawili tu, mkae chini, usisimame mbele yake kama unahutubia. Muulize angependa kukaa wapi, anaogopa nini, na nini tusimsahaulie. Usimjibu. Usimrekebishe. Akianza na habari za paka wa jirani aliyezaa ndani ya kapu, sikiliza na habari za paka hadi mwisho, hata zikiwa ndefu, kwa sababu jibu lako linakuja nyuma yake.